Kuku kumi Tabata bila kumkera jirani
Dada, umeuliza kama kuku kumi wa mayai watawakera majirani hapo Tabata. Jogoo usiweke kabisa. Kuku anataga bila jogoo, na jogoo ndiye anayeamsha mtaa mzima saa kumi alfajiri. Harufu nayo inatokana na maranda ya mbao yaliyotandazwa bandani yakilowa, hasa chini ya chombo cha maji. Kinyanyue juu ya tofali, usawa wa mgongo wa kuku, wasimwage. Kila asubuhi chukua maranda kiganjani uyaminye: yakigandamana, toa hayo, weka makavu. Chakula kikae kwenye ndoo yenye mfuniko, panya wasije. Mimi jirani yangu nilimwambia kabla sijajenga banda, na sasa mbolea anachukua yeye kwa mchicha wake.