Meno ya utoto si yatang'oka tu?

SWALI: Shangazi, asalaam aleykum. Mie niko Leicester hapa Uingereza mwaka wa nne sasa. Binti yangu ana miaka mitatu, meno ya juu ya mbele yote manne yameoza, mawili yamebaki vigutu vyeusi. Daktari kasema apewe nusu kaputi yang'olewe. Nimempigia mama Tanga kanijia juu, eti hilo jino la mdudu tu, meno ya utoto yatang'oka yenyewe, mbona sisi tulirusha yetu juu ya bati na tuko wazima. Na pipi simpi kabisa wallahi, ila usiku halali bila chupa yake ya maziwa natia sukari kidogo. Nina mdogo wake pia wa miezi kumi. Nimsikilize nani? – Mama Salha

JIBU: Waaleykum salaam mwanangu, mama mpe shikamoo yangu, na kwa mdudu hajakosea sana. Wadudu wapo kweli ila sio mnyoo, ni bakteria, wanakaa kwenye ule utando laini juu ya jino, ukiwapa sukari wanatoa asidi na hiyo asidi ndo inalila jino.

Sasa hiyo chupa. Wazazi wengi tuliohamia huko tukiulizwa habari ya sukari tunawaza pipi, tunajibu hapana na tunasema kweli kabisa, kumbe chupa hatujaihesabu. Mtoto akilala mate yanapungua, maziwa yenye sukari yanatuama kwenye meno ya juu usiku kucha, ya chini yamefunikwa na ulimi. Mwangalie Salha, naamini ya chini utakuta mazima.

Hapo kwenye kung'oka yenyewe ndo mimi na mama tunaachana. Ya mbele kweli yanaanza kulegea kwenye miaka sita, lakini magego ya utoto yanakaa mpaka miaka 10 hadi 12, na yakioza yakatunga usaha yanaweza kuliharibu hata jino la ukubwani lililo chini yake. Tuliyorusha juu ya bati ni yale yaliyolegea. Mimi namkumbuka mdogo wangu amewekewa karafuu, shavu limevimba, analia mpaka alfajiri na sisi tunasema ndo utoto huo, mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo mpeleke. Matibabu ya meno ya NHS (huduma ya afya ya serikali huko) kwa watoto ni bure, na Kiingereza kikikupiga chenga omba mkalimani, nae ni bure, usiseme tu yes yes halafu urudi nyumbani na hofu yako ya nusu kaputi. Uliza saa ngapi aache kula kabla ya kwenda, hilo ni la lazima.

Chupa ya usiku ibaki maji matupu, atalia siku kadhaa, vumilia. Mswaki mpige wewe mwenyewe mpaka afike kama miaka saba, kabla ya kulala na mara nyingine moja mchana, dawa yenye floraidi kuanzia 1,000 ppm (ndo kipimo cha floraidi, kimeandikwa kwenye tyubu) kiasi cha punje ya njegere, ateme asisukutue.

Na huyo wa miezi kumi, dawa yake mpake kidogo mno, kama doa tu kwenye mswaki. Leo usiku mnyanyue mdomo wa juu umulike na simu. Ukiona mstari mweupe kama chaki pembeni mwa ufizi, hapo jino limeanza ila halijatoboka, bado linaokoleka. Mbebe umpeleke siku hiyohiyo na dada yake, hata kama ana meno mawili tu.