Maswali Yenu Kuhusu Rolex

Swali: Rolex ni ya Uswisi kweli? Rafiki yangu anabisha kuwa ni ya Waingereza.

Rafiki yako hajakosea sana. Kampuni hiyo ya saa ilianzia London mwaka 1905, na mwanzilishi wake hakuwa Mwingereza wala Mswisi. Hans Wilsdorf alikuwa Mjerumani wa Kulmbach, yatima tangu utotoni, mwenye miaka 24. Yeye na mwenzake Alfred Davis hawakuwa mafundi. Walinunua mashine za saa kwa kiwanda cha Aegler cha Bienne, Uswisi, wakazitia kwenye makasha na kuwauzia wenye maduka. Jina Rolex lilisajiliwa 1908. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, Uingereza ikaweka ushuru mzito kwa saa zinazotoka nje, na mwisho wake Wilsdorf akahamia Geneva. Mashine ziliendelea kutoka Bienne. Kiwanda chenyewe Rolex ilikuja kukinunua mwaka 2004!

Swali: Kuna mwanamke aliyevuka bahari na Rolex mkononi?

Hakuvuka nayo, wala haikuwa mkononi. Mercedes Gleitze, karani wa London, alivuka kwa kuogelea bahari iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza tarehe 7 Oktoba 1927, bila saa hiyo. Siku chache baadaye mwingine akadai naye amevuka, ikabainika ni uongo, na watu wakaanza kumtilia shaka hata Gleitze. Akarudi majini tarehe 21 ili kujisafisha jina. Safari hii Wilsdorf alikuwa amempa Oyster, saa iliyotoka 1926, akaivaa shingoni. Maji yalikuwa baridi kupita kiasi. Baada ya kuwa majini kwa zaidi ya saa kumi akatolewa akiwa hoi, hajafika. Saa ilikuwa inakwenda. Mwezi uliofuata Wilsdorf akalipia ukurasa wa mbele mzima wa Daily Mail. Kwa maoni yangu, hapo ndipo Rolex ilipozaliwa hasa: uhodari wa Wilsdorf ulikuwa kuthibitisha saa mbele ya watu.

Siri ya Oyster kutoingiza maji? Mfuniko wa nyuma na kile kitufe cha kutilia ufunguo vyote hukazwa kwa hesi, kama kifuniko cha chupa ya soda. Kitufe hicho kilibuniwa na Waswisi wengine. Wilsdorf alinunua hataza yao.

Swali: Haina betri, inakwendaje?

Ndani mna kipande kizito cha chuma, nusu duara, kinachozunguka kila unapotikisa mkono na kukaza springi. Rolex ilikitoa 1931. Ukiivua ukaiacha kabatini siku kadhaa, itasimama.

Swali: Ni kweli waliwakopesha wafungwa wa vita?

Kweli. Katika Vita ya Pili, wanajeshi wa Kiingereza waliokamatwa na Wajerumani walinyang'anywa saa zao. Wilsdorf aliwaruhusu kuagiza nyingine kutoka Geneva na kulipa vita vikiisha. Koplo mmoja aliyekuwa fundi viatu kwenye kambi ya Stalag Luft III aliagiza saa ya bei kubwa mwaka 1943. Akajibiwa kwamba asiwaze malipo kabisa vita ikiendelea. Saa ikamfikia kambini. Fikiria: anamkopesha mfungwa, tena wakati ambao hakuna anayejua nani atashinda.

Swali: Sasa ni ya nani?

Ni ya wakfu. Wilsdorf hakuwa na mtoto. Mkewe alipofariki 1944, mwaka uliofuata akaanzisha wakfu wenye jina lake, na huo ndio unaomiliki kampuni hadi leo. Hisa zake hutazipata sokoni.

Swali: Mjomba wangu wa Muscat ana Rolex yenye jambia usoni. Feki?

Si lazima. Sultan Qaboos aliwatunuku watu saa zenye nembo hiyo ya Oman, nyingine zikiagizwa kupitia duka la Asprey la London. Ila kwa kuwa jambia hupandisha bei mnadani, wapo wanaolichora juu ya uso wa kawaida. Mwambie aipeleke kwa fundi mzoefu aifungue, na kama ana barua au boksi lake, asilitupe.