Kwa nini farasi wa Spassky alirudi b1?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nikishika kete nyeusi kwenye chess nacheza ufunguzi uitwao Najdorf, na napenda kumla askari wa b2. Nimeupitia mchezo wa 11 wa Spassky (mweupe) na Fischer (mweusi) wakiwania ubingwa wa dunia, Reykjavik 1972. Hatua ya 14 Spassky anamrudisha farasi b1, alikoanzia. Si amepoteza muda bure?

Jibu: Marahaba. Hajapoteza kitu, na nafurahi umeiuliza hatua hiyo. Panga ubao (N ni farasi, B askofu, Q malkia, K mfalme, bila herufi kubwa ni askari; x ni kula; O-O ni mfalme kujikinga pamoja na ngome; nukta tatu ni zamu ya mweusi): 1.e4 c5 2.Nf3 d6 3.d4 cxd4 4.Nxd4 Nf6 5.Nc3 a6 6.Bg5 e6 7.f4 Qb6 8.Qd2 Qxb2 9.Nb3 Qa3 10.Bxf6 gxf6 11.Be2 h5 12.O-O Nc6 13.Kh1 Bd7. Malkia mweusi kashiba, lakini yuko peke yake ugenini.

14.Nb1 inamfukuza, akaenda b4. Halafu ikaja 15.Qe3, hatua tulivu ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Sasa kuna tishio la 16.a3. Hesabu pa kukimbilia: b6 inatazamwa na malkia mweupe, a5 na c5 zina farasi wa b3, b5 na c4 zina askofu wa e2, c3 na d2 zina farasi wa b1. Inabaki a4 tu, na akifika huko farasi anaruka tena c3, malkia kwisha. Ndiyo kusema farasi aliondoka c3 ili arudi palepale wakati askari wa a3 ameshafunga mlango wa nyuma.

Fischer alijibu 15...d5, ambayo inafungua mshazari wa kurudi d6. Ila inafungua na katikati ya ubao, naye mfalme wake bado yuko e8. Ikafuata 16.exd5 Ne7 17.c4 Nf5 18.Qd3 h4 19.Bg4 Nd6. Iangalie sana hiyo ya mwisho: farasi wake mwenyewe kaziba njia ileile! 20.N1d2 f5 21.a3 Qb6 22.c5 Qb5 23.Qc3 fxg4 24.a4, malkia kanaswa. Fischer alikubali kushindwa hatua ya 31.

Usiache kumla askari wa b2. Katika mchezo wa 7 wa mechi hiyohiyo Fischer alimla, wakatoka sare. Ila malkia wako akiwa a3, kila zamu jiulize farasi wa c3 akienda b1 wewe utakwenda wapi, na hatua inayofuata utatokea wapi.