Jibu: Panya wasio na protini ya prioni na seli zao za kinga

Salaam ndugu. Umeeleza kwamba panya wako wasio na protini ya prioni wana idadi ya kawaida ya limfosaiti (seli nyeupe za kinga), ilhali makrofaji zao, yaani seli zinazomeza uchafu na vijidudu, zinameza seli zilizokufa kupita kiasi, nawe unauliza kama protini hiyo ndiyo inayoongoza ukuaji wa seli za kinga.

Anza na kadi ya kizimba: soma ukoo wa panya kabla ya kugusa takwimu. Jeni ya Prnp, inayotengeneza protini ya prioni, iko kwenye kromosomu ya 2 ya panya pamoja na jeni ya Sirpa, ambayo huzuia makrofaji kumeza, hivyo mbili hizo hurithiwa pamoja; na panya wa Zurich I, ukoo wa panya wasio na Prnp, waliotengenezwa kwa seli za ukoo wa 129 na kutangazwa mwaka 1992, hubeba Sirpa ya ukoo huo hata baada ya kuzalishwa na C57BL/6, ukoo mwingine wa panya wa maabara, kwa vizazi vingi. Mwaka 2013 ilibainika kwamba tofauti ya umezaji ilitokana na jeni hiyo jirani, Sirpa, si na kukosekana kwa protini ya prioni. Nami nilihangaika kwa miezi na tofauti ya namna hiyo hiyo hadi nilipopima Sirpa, na iliniuma sana. Rudia jaribio kwa Zurich III, panya wengine wasio na Prnp, waliotengenezwa ndani ya C57BL/6 yenyewe.

Idadi ya kawaida ya limfosaiti, hata hivyo, isikukatishe tamaa. Utafiti wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa seli shina za damu, zinazozaa seli zote za damu na za kinga, hubeba protini ya prioni kwenye utando wake, na uboho usio nayo huchoka upesi unapopandikizwa mfululizo kwa panya waliopigwa mionzi. Ukipima damu ya panya aliyetulia, udhaifu huo hutauona.