Nishike var, let au const?

Swali: Kaka mambo, niko Dodoma huku Area C najifunza JavaScript, lugha ya kuandikia programu, kwa simu, sasa video moja inatumia var, nyingine let, nyingine const, nishike ipi?

Jibu: Poa mdogo wangu. Zote tatu ni za kutangaza variable, yaani jina la kuhifadhia thamani. Var ni ya zamani, let na const zimeingia rasmi 2015. Shida ya var inavuja, ukiitangaza ndani ya if, yaani sehemu ya sharti, unaikuta mpaka nje ya mabano yake, let inabaki humohumo. Mi naanzaga na const, ambayo haikubali kupewa thamani nyingine, kama thamani itabadilika, mfano jumla ya kreti za zabibu, ndo naweka let jumla = 0. Ila const bei = [500, 700] ukiandika bei.push(900), yaani kuongeza 900 kwenye orodha, inakubali tu, inachokataa ni bei = [900], yaani kuipa orodha mpya, hapo nilikwamaga siku nzima aisee.