Shairi la karafuu nimeliandika mara 11

Wiki iliyopita shairi langu lilisomwa redioni. Nilikuwa jikoni nakuna nazi, nikasikia mtangazaji anaingia ubeti wa kwanza, nikainuka juu ya mbuzi na kifuu mkononi, nikasimama vivyo hivyo mpaka likaisha. Mama alilia. Usiku msichana mmoja wa Micheweni, hapahapa Pemba, akaniandikia: "Dada, mimi mashairi yangu mawili yamekataliwa. Niache?"

Usiache, mdogo wangu. Nikwambie yaliyonifika mimi.

Mwaka 2016 shairi hilihili nililipeleka kwenye mashindano. Jaji alifika ubeti wa pili, akaikunja karatasi, akasema mbele za watu, "Huyu bado." Ukumbi mzima ukacheka. Njia nzima ya kurudi Wete nilijifunika uso kwa mtandio. Neno lile linaniuma mpaka leo.

Mstari wangu wa kwanza ulikuwa huu: "Mikono ya mama yangu, inanukia karafuu." Uhesabu kwa vidole. Kipande cha kwanza mizani, yaani silabi, 8, cha pili 9, na vilitakiwa vilingane. Sikuwa nimehesabu! Nikaandika "yanukia karafuu", zikatimia 8 kwa 8, nikamkimbilia mjomba na furaha yangu. Akausoma, akanirudishia. "Hesabu sawa. Lakini msimu ukifika, mikono ya nani hapa Pemba hainukii karafuu?"

Nilinuna siku tatu. Kisha nikaanza kumtazama mama. Anakaa kwenye jamvi, anachambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule, watoto wamelala, taa inafifia, yeye yupo. Kidole gumba kimekuwa cheusi. Ananawa kwa sabuni, anajisugua kwa ndimu, asubuhi akikupa chai harufu iko palepale kwenye kikombe. Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Mara ya 11 ikaja hivi:

Mikononi karafuu, harufu haijatoka,
Na usiku ni mkuu, jamvini hajaondoka.

Hapo mjomba hakusema kitu. Aliomba nimsomee tena.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuandika upya. Hiki ni kisiwa cha Kamange na Sarahani, washairi wakubwa wa zamani, na wengi wetu tunajidanganya kwamba ushairi tumezaliwa nao, unatoka wenyewe kama jasho. Hautoki wenyewe! Mnaandika leo baada ya magharibi, kabla ya isha mmesharusha kwenye simu, mnasubiri sifa. Andika upya. Ukichoka, liweke, kachote maji, urudi uandike upya. Na msomee mtu asiyekuonea haya, maana shoga yako atakwambia zuri hata likiwa limepinda.

Mdogo wangu wa Micheweni, nitumie yote mawili yaliyokataliwa, pamoja na karatasi ulizoandika ukafutafuta maneno katikati. Hasa hizo. Mjomba yupo, na Ijumaa baada ya sala huwa ana nafasi.