Si wizi, soma leseni kwanza
Dada, umeuliza kama kuwagawia wanafunzi sura ya kitabu huria, yaani kitabu ambacho leseni yake inaruhusu kukigawa bure, ni wizi. Hapana, si wizi. Angalia kurasa za mwanzo: ukikuta CC BY (leseni ya Creative Commons ya kumtaja mwandishi), nakili, chapa, badilisha, hata tafsiri, mradi umtaje mwandishi na useme umebadilisha nini. Ikiwa na NC (si kwa biashara) usiuze. Ikiwa na ND (bila mabadiliko) usigawe uliyoihariri.

Mimi nafundisha takwimu hapa Dar. Kwenye sura ya wastani niliondoa mifano ya dola nikaweka nauli za daladala za Mbagala hadi Kariakoo, na darasa zima likaamka! Halafu nawatumia PDF nyepesi, wanaipakua mara moja kwa Wi-Fi ya maktaba. Bando kwao ni hela ya chakula, tusisahau hilo.